Glasi ya Nyororo

Jumamosi moja jioni mke wa Mchungu alirudi kutoka kazini, akavua mtandio wake akauning'iniza nyuma ya mlango, na Mchungu aliyekuwa akipita na ndoo mkononi akasimama ghafla kama aliyeitwa. Aliweka ndoo chini. Aliushika mtandio kwa vidole viwili, akaupeleka puani, akauachia haraka aliposikia maji ya bafuni yakifungwa.

Mkewe alikuwa msimamizi wa meza za pasi katika dobi la hoteli kubwa, na miaka yote nguo zake zilinukia mvuke, sabuni na wanga. Siku hiyo zilinukia hopsi, yale maua machungu yanayoipa bia harufu na ukali wake. Mtu mwingine asingejua. Lakini Mchungu alikuwa akipika bia katika banda la nyuma ya nyumba, na pua yake ilikuwa ndiyo kazi yake. Hopsi zake yeye zilikuwa na harufu ya magome ya miti yenye utomvu. Hizi zilinukia pera lililoiva na ganda la chungwa. Hazikuwa zake.

"Kazi ilikuwaje?" Mchungu akauliza mkewe alipotoka bafuni.

"Ya kawaida tu. Hoteli imejaa wageni, mashuka hayaishi."

Alisema hivyo akiimba wimbo puani, akaenda jikoni.

Jina la Mchungu alipewa na wanywaji wake, na hakulikataa. Bia yake ilikuwa nzito, ya rangi ya shaba, yenye uchungu unaokushika nyuma ya ulimi na kukaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Zamani alikuwa fundi wa mitambo ya maziwa. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi kilipofungwa, alichukua matangi mawili yaliyokuwa yanakwenda kuuzwa vyuma chakavu, akayasugua, akayachomelea upya, akaanza kupika bia humo. Walioipenda bia hiyo waliipenda kufa. Walikuwa wachache, na Mchungu alisema uchache wao ndio uliomfanya azijue sura zao.

Mdogo wake, tumbo moja, alijifunzia upishi huo katika banda hilohilo. Huyu alijulikana kwa jina la Chapchap tangu utotoni, kwa kuwa hata kuzaliwa, alisema mama yao, alizaliwa mkunga akiwa bado ananawa mikono. Chapchap alipoona ameiva alikwenda kukodi gereji ya zamani, akafungua kiwanda chake kidogo cha bia. Akapata jina. Magazeti yakamwandika. Mwaka uliopita kampuni kubwa ya bia, ile ambayo kreti zake hazikosi katika duka lolote, ikakinunua kiwanda chake pamoja na matangi, kuta na Chapchap mwenyewe. Walimwacha awe mpishi mkuu. Walikiacha hata kibao cha mlangoni kilichochorwa kwa mkono, ili mnywaji aamini bado yuko gereji kwa watu wawili watatu wenye ndoto.

"Ameuza," Mchungu alisema siku aliyosikia habari hiyo. Tangu hapo bia ya mdogo wake haikuvuka kizingiti cha nyumba yake, na jina lake likawa halitajwi mezani.

Jumamosi iliyofuata mtandio ulinukia tena. Na iliyofuata. Kila mara mkewe alirudi na macho yanang'aa, ana maneno mengi, anacheka hata na redio. Mchungu alimtazama akisimulia habari za mashuka, na roho ikamchoma. Mwanamke hachangamki hivyo kwa sababu ya mashuka.

Akaanza kutafuta. Aliingia baa moja hadi nyingine akijifanya anakagua mapipa yake, na kila mwanaume aliyesalimiana naye alimkumbatia kwa nguvu, pua ikiwa shingoni. Mwenye baa ya kona, mtu mnene mwenye ndevu, alirudi nyuma akamtazama.

"Mchungu, unanibusu au unanipima?"

"Nimekukumbuka tu, ndugu yangu."

"Tulionana jana."

Hakuna aliyenukia pera. Mwishowe, Jumamosi nyingine mchana, mkewe akiwa ameshatoka, alipiga simu dobini. Ilipokelewa na mlinzi. "Dobi?" mlinzi akasema. "Jumamosi dobi linafungwa adhuhuri, mzee. Wameshaondoka wote."

Mchungu alikata simu, akakaa juu ya gunia la kimea. Alikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Hakumuuliza mkewe kitu. Aliogopa jibu, na aliogopa zaidi kwamba angedanganywa vizuri. Kitandani wakaanza kulala mzungu wa nne, yeye akisingizia mgongo, na mke naye hakudadisi; jambo hilo nalo akaliweka kwenye hesabu ya ushahidi.

Katikati ya mateso hayo, Chapchap akapiga simu.

"Kaka, Jumapili tunazindua bia mpya, IPA, ile ya hopsi nyingi. Safari hii usiponijia nitajua sina ndugu."

"Nina kazi."

"Jumapili? Kaka, hata chachu inapumzika Jumapili."

Mchungu alikuwa anatafuta tusi la heshima, mkewe akasema kutoka upande wa pili wa meza, "Twende. Ni ndugu yako." Alilisema upesi mno. Alikuwa hata hajaambiwa ni simu ya nani. Mchungu alimtazama mkewe, akatazama simu, akasema, "Tutakuja."

Gereji ilikuwa imejaa. Matofali yaliachwa wazi bila lipu, taa zikaning'inia kwenye waya ndefu, na nyuma ya kioo kipana matangi yalisimama kwa mstari, yanang'aa, mapya, kila moja likiwa na skrini yake ndogo ya kupimia joto. Mchungu aliyatazama matangi hayo kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Ukutani kulikuwa na bango: *Nyororo. IPA isiyokuuliza maswali.*

"Isiyokuuliza maswali," alinong'ona. "Bia gani hiyo?"

Binti wa mapokezi alikuwa amemwona mkewe, akamjia na tabasamu. "Mama, karibu tena! Leo hukai kiti chako?"

Mkewe alisema leo amekuja kama mgeni, akacheka kidogo, akamtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Mchungu alijifanya hamnazo. Lakini maneno mawili yaliingia masikioni mwake kama misumari: tena, na kiti chako.

Glasi zikapitishwa. Bia ilikuwa ya rangi ya majani makavu, povu jeupe, laini kama la sabuni ya mtoto. Mchungu aliiinua kwenye mwanga akitafuta dosari. Njiani alikuwa ameshatayarisha matusi yake: maji ya kuoshea vyombo, juisi iliyopotea njia, bia ya watu wanaoogopa bia. Kisha akaiweka puani.

Pera lililoiva. Ganda la chungwa.

Alinusa tena, kwa kuwa hakutaka kuamini. Ilikuwa harufu ya mtandio wa mkewe. Alikuwa ameisaka mji mzima, baa kwa baa, shingo kwa shingo, kumbe mwenye harufu ni mwana wa mama yake. Povu lilimmwagikia kidoleni. Kwa mazoea zaidi ya kiu, akanywa.

Hapo ndipo alipoumia mara ya pili. Aliisaka ile harufu ya siagi inayoingia bia ikiharakishwa. Haikuwepo. Alisaka ladha ya kadibodi ya bia iliyochakaa, alisaka ukakasi wa kimea kilichokamuliwa kupita kiasi. Hakuna. Bia ilikuwa safi kama shuka lililotoka pasini. Uchungu wake ulikuja, ukabisha hodi, ukasalimia na kuondoka bila kukaa, ukaacha kinywa kinataka funda jingine. Ilikuwa bia ndogo, isiyo na jambo kubwa la kusema. Lakini kidogo ilichotaka kusema ilikisema bila kugugumia, na Mchungu, aliyekuwa amepika maisha yake yote, alijua ugumu wa kazi hiyo.

Aligeuka kumtafuta mkewe. Alikuwa amesimama kando ya Chapchap, wanacheka, vichwa vimekaribiana ili wasikilizane katika kelele. Glasi yake ilikuwa tupu. Mchungu aliikodolea macho glasi ile. Katika ndoa yao yote, kila alipopika bia mpya, alimpelekea mkewe glasi, akasimama mbele yake amekunja mikono, akauliza, "Nzuri, eh?" Naye mke alikunywa funda moja, akalimeza kama dawa, akasema, "Nzuri, baba." Hakuwahi hata siku moja kuona glasi hiyo ikiisha. Sasa mkewe alimnyooshea Chapchap glasi tupu, na Chapchap akamjazia.

Wakati huo msimamizi wa matangazo wa kampuni, mwanamke mrefu mwenye miwani myekundu, alikuwa na kipaza sauti. "Na leo tunaye mtu muhimu," akatangaza. "Kaka mkubwa wa mpishi wetu, aliyemfundisha kazi! Kaka, hebu tuambie, Nyororo unaionaje?"

Watu wakapiga makofi. Kipaza sauti kikamfikia Mchungu mkononi. Angeweza kusema "nzuri" akaketi. Lakini damu ilikuwa imeshapanda.

"Msiniulize mimi," akasema. "Muulizeni mke wangu. Yeye na huyo mpishi wenu wameonjana siku nyingi."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akajikuta anacheka peke yake. Mkewe aliiweka glasi juu ya meza polepole, bila kuimwaga, akachukua mkoba wake, akatoka akiwa ameinua shingo.

Chapchap hakuinua sauti. Alimshika kaka yake mkono juu ya kiwiko, akampeleka hadi chumba cha baridi cha kuhifadhia mapipa, akafunga mlango. Walisimama pumzi zao zikitoka kama moshi.

"Umesema nini kule, kaka?"

"Nimesema ninachokijua. Kila Jumamosi anarudi ananukia bia yako. Kazini hayupo, nimepiga simu. Na binti wenu wa mapokezi anasema ana kiti chake hapa."

"Kiti cha kuonjea!" Chapchap akajishika kichwa. "Kaka, tuna meza ya waonjaji. Jumamosi mchana. Kampuni ilitaka watu wasiopenda bia chungu, waonje kila tunapojaribu. Yuko dereva wa gari la wagonjwa, yuko mwalimu mstaafu, yuko mama wa duka la miwani. Na yuko shemeji. Wanakaa pale nyuma ya kioo, mbele ya watu wote."

"Kwa nini yeye?"

"Namjua nani asiyependa bia chungu kuliko yeye? Miaka namwona akiimwaga bia yako. Lile ua la kwenye kopo dirishani kwenu, ulidhani lilikufa kwa jua?"

Mchungu aliyakumbuka maua yote yaliyokuwa yamekufa katika kopo lile, moja baada ya jingine, na jinsi alivyokuwa akiulaumu udongo.

"Mtafute mkeo," Chapchap akasema. "Mimi na wewe tutapigana siku nyingine."

Alimkuta nyuma ya jengo, kwenye lango la kupakilia mizigo, amekaa juu ya kreti zilizopangwa, viatu amevivua. Alikuwa amelia, akamaliza. Mchungu alisimama mbele yake bila kujua mikono aiweke wapi.

"Umenivua nguo mbele za watu," mkewe akasema.

"Nimekosa. Chapchap ameniambia. Lakini kwa nini hukuniambia wewe?"

"Ningekuambia kwa mdomo gani? Jina la mdogo wako nyumbani kwetu ni haramu. Ningesema, baba, kesho nakwenda kwa Chapchap kuonja bia ya kampuni? Ungeninunia mpaka mwaka uishe."

"Ungekataa basi."

"Nikatae kwa nini?" Sasa alisimama, peku juu ya saruji. "Mimi kutwa napiga pasi mashuka ya watu nisiowajua. Hakuna anayeniuliza kitu. Nikifika pale, nakalishwa kitini, naletewa glasi, mtu ananiuliza, unasikia nini? Nikisema inakwaruza kooni, wiki inayofuata haikwaruzi. Nikisema harufu ni kubwa kuliko bia yenyewe, wanarudi kupunguza. Watu wamesoma chuo, wanangoja niseme! Unajua raha ya jambo hilo?"

Alijua. Hakuna raha aliyoijua vizuri zaidi. Na hapo, badala ya moyo kutulia kwa kuwa hakuna aliyemwibia mke, wivu uligeuka upande wa pili ukamuuma upya. Laiti mwizi angekuwa hawara, mwanaume wa kawaida mwenye gari na manukato, angejua la kufanya. Angepiga meza, angefukuza mtu. Lakini huyu mdogo wake hakuchukua kitu ambacho Mchungu alikuwa akikilinda. Alichukua kilichokuwa kimelala nyumbani miaka yote, hakuna aliyekigusa.

"Ulimi wako umempa yeye," akasema kwa sauti ndogo.

"Wewe hukuutaka. Wewe ulitaka neno moja, nami nilikupa."

Walirudi nyumbani kwa miguu, mke mbele, mume nyuma.

Siku zilizofuata mkewe alimsemesha kwa mambo ya lazima tu: gesi imeisha, fundi bomba amepita. Kisha akatoa hukumu yake. "Ulinitukana mbele za watu. Utaniomba radhi mbele za watu."

"Wale walikuwa ukumbi mzima. Nitawapata wapi?"

"Wanaonijua mimi wako mezani. Jumamosi."

Kwa hiyo Jumamosi Mchungu alivaa shati la kutokea, akaenda. Alisimama nyuma ya kioo mbele ya meza ya waonjaji, mikono nyuma kama mshtakiwa, na matangi mapya ya mdogo wake yakimtazama. Alisema kwamba alimsingizia mkewe jambo baya, kwamba lilikuwa uongo, na kwamba halikuwa na msingi ila kijicho chake mwenyewe. Hakujua kama aongeze. Akaongeza: "Na bia ni nzuri. Nililitafuta kosa nikalikosa." Chapchap, aliyekuwa akifuta glasi, alisimamisha kitambaa.

Dereva wa gari la wagonjwa alimtazama. "Kumbe wewe ndiye Mchungu? Niliinywa bia yako siku moja harusini. Nililia, watu wakadhani nimeguswa na hotuba."

Meza nzima ikaangua kicheko, na mkewe, baada ya kujizuia kidogo, naye akacheka. Wakamvutia stuli pembeni, wakaendelea na kazi.

Ndipo alipomwona mkewe kazini. Alifumba macho. Alilishika funda mdomoni, akalizungusha, akakaa kimya kiasi cha wengine kuanza kujikuna. "Mwanzoni chungwa," akasema. "Mwishoni chungwa. Katikati pana shimo." Mchungu alinyoosha mkono, akachukua glasi ya Chapchap bila kuomba, akaonja. Shimo lilikuwepo, palepale aliposema. Yeye angelipita. Alimtazama mdogo wake akiwa ameinama, anasubiri neno la pili kutoka kinywani kwa mwanamke yule, na akatamani kumsukuma aanguke.

Jioni hiyo nyumbani alichota bia yake tangini, akaiweka mezani mbele ya mkewe. Hakusimama, alivuta kiti akakaa.

"Unasikia nini?"

Mkewe alimtazama kuona kama ni mtego. Kisha akaonja, akakunja uso wote, bila kuuficha. "Chungu," akasema. "Uchungu wa hasira. Inaanza kugomba kabla haijanisalimu. Kimea kizuri, kinanukia mkate, lakini hukipi nafasi ya kusema. Na ukisubiri sana..." Akaonja tena, macho kafumba. "Ukisubiri sana, kwa mbali, kuna kitu kama asali iliyoungua. Hicho nakipenda. Ila ni nani mwenye subira hiyo?"

"Wanywaji wangu wanayo."

"Basi wanywaji wako wainywe."

Aliisukuma glasi upande wa mume. Mchungu alianza kujitetea, akaeleza habari za hopsi na muda wa kuchemsha, mkewe akaanza kuinuka, naye akanyamaza mara moja. Mkewe akakaa. Wakaendelea, chakula kikapoa. Mengine aliyasikia vibaya. Mengine yalimwingia, akayafanyia kazi: katika upishi uliofuata hopsi za mwanzo alizipunguza kiganja kimoja, asali ikasogea mbele kidogo. Zaidi ya hapo hakukubali. Bia ilibaki chungu, wateja wakabaki wale wale, na mkewe hakuimaliza glasi.

Jumamosi hakuziacha. Wiki moja, mkewe akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga viatu, Mchungu alimjia mlangoni na mikono imelowa.

"Leo usiende," akasema.

"Kwa nini? Kuna nini?"

"Nina wivu."

Mkewe alisimamisha kidole kwenye kamba ya kiatu. Alimtazama mume wake mtu mzima, aproni ya plastiki hadi magotini, masikio mekundu, na kicheko kikamtoka ambacho hakikuwa cha kumdhihaki.

"Najua," akasema. "Wa Chapchap?"

"Wa wote. Hata yule dereva."

"Pole, baba." Alimaliza kufunga kamba, akasimama, akamfuta tone la maji kidevuni kwa kidole gumba. "Nitarudi kabla giza halijaingia. Wali uko kwenye sufuria ndogo, ile kubwa ni ya kesho, usiiguse."

Akatoka. Mchungu alimsikiliza akishuka ngazi, akimsalimia jirani, akicheka jambo fulani. Kisha akarudi bandani, akaongeza moto.